Riwaya Niliyomsomea Bi Irena

Nyinyi vijana mnaoingia kazi hii ya kutunza wazee majumbani, najua mnafundishwa darasani kupima presha, kuvaa glavu na kunawa mikono. Vizuri, shikeni hayo. Lakini hakuna darasa litakalowafundisha kumsomea mtu riwaya, na mimi, katika miaka yangu yote ya Dallas na Houston, sikupata kazi iliyonitoa jasho kama ile. Kumgeuza kitandani mwanamume wa kilo mia na ushee ni mchezo ukilinganisha.

Mimi ni Rukia, wa Majengo, Mombasa. Nilikuja Dallas miaka ya tisini nikimfuata mume wangu aliyekuwa akiendesha teksi, na nia yangu ilikuwa kufungua duka la vitambaa. Duka halikufunguka. Jirani akanipeleka kwa wakala wa watunza wazee, nikapewa sare ya zambarau na mgonjwa siku hiyo hiyo. Nikaipenda kazi kabla sijaijua, na nilipoijua nikaipenda zaidi.

Aliyenifundisha ni Mama Esperansi, Mkongomani wa Uvira, mwimbaji wa kwaya, mfupi, mwenye mikono kama ya mtu akandaye mikate. Yeye alikuwa na kanisa lake, mimi nikiswali kwenye vyumba vya kufulia vya watu, na hatukugombana ila juu ya Kiswahili. Aliniambia naongea kama redio. Mimi nikamwambia yeye anaongea kama anayetafuna karanga. Siku ya kwanza aliniona nimeshika kwapa za bibi mmoja tayari kumnyanyua, akanipiga kofi dogo mkononi.

"Rukia, mutu muzee haiko gunia ya muhogo. Umusemeshe kwanza, njo umuguse."

Yaani mzungumzishe kwanza, ndipo umguse. Mpaka leo sijapata somo lililo bora kuliko hilo. Mwambie, "Sasa naushika mguu wako wa kulia, sasa tunageuka upande wa dirisha." Mwili wa mtu aliyeambiwa huwa mwepesi. Mwili wa mtu aliyeshtukizwa hukakamaa, nao ndio unaovunja migongo yenu.

Bi Irena nilimpata baadaye, miaka ya elfu mbili ilipokwisha kuanza, huko Mesquite, kando ya Dallas, nyuma ya maghala makubwa, kwenye nyumba ndogo ya matofali. Alikuwa mjane, amevuka sabini. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza upande mmoja, na macho yake yalikuwa yamekufa katikati, yamebaki pembeni tu. Akitaka kukuona usoni aligeuza kichwa upande mwingine, kama anayekupuuza. Wasichana wawili waliotangulia walidhani anawadharau wakaomba kuhamishwa. Mkikutana na mzee anayewatazama hivyo, msinune. Sogeeni mpaka pale anapopaona.

Asubuhi ya kwanza nilifungua mapazia chumba kipate mwanga.

"Yafunge," akasema.

"Bi Irena, nje jua zuri."

"Mimi nimekulia kwenye nyumba ya vioo. Nimeshaonwa vya kutosha."

Nikayafunga, kisha nikakaa pale anaponiona, nikamwomba anieleze hiyo nyumba ya vioo. Ikachukua miezi, kidogo kidogo, wakati wa kumchana nywele. Alizaliwa katika mji mmoja wa katikati ya Ulaya ambao jina lake alilitamka kama mtu anayepiga chafya. Mama yake alikuwa mpishi wa familia ya Kiyahudi iliyokuwa na viwanda vya sabuni. Kabla ya vita, tajiri huyo wa sabuni alijenga nyumba ya mtindo mpya juu ya kilima, nyeupe tupu, paa bapa, bila nakshi hata moja, na upande mzima wa kusini ulikuwa kioo kuanzia sakafuni hadi darini. Watu walitoka nchi za mbali kuja kuipiga picha. Majirani waliiita kliniki, na kuna mgonjwa wa jino aliyewahi kugonga mlango kweli, shavu limevimba, akimtaka daktari. Mama yake Bi Irena akampa karafuu na kumwonyesha njia.

Bi Irena hakuwa mtu wa kucheka. Mara ya kwanza kumsikia akicheka ni siku ilipoletwa mashine ya kuinulia. Zamani tulikuwa tukinyanyua kwa mikono na shuka, kisha wakaja na chuma hiki chenye mkono mrefu na kitambaa cha kumbebea mtu, kinapanda kwa rimoti. Mama Esperansi alikuja kunisaidia kuijaribu, na kwa kuwa hatukutaka kumjaribia mgonjwa, akalala yeye kwenye kitambaa. Nikabonyeza. Akapanda vizuri hadi kimo cha meza ya chakula, halafu betri ikafa. Nikabonyeza tena, kimya. Mama Esperansi alikuwa ananing'inia katikati ya sebule ya Mesquite kama embe kwenye kimia, miguu haifiki chini, akisema kwa utulivu kabisa, "Rukia, njo vile utaniacha hapa?"

Bi Irena akageuza kichwa pembeni ili amwone vizuri, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Basi jueni, mashine hizo zina kishikio chekundu cha dharura karibu na mota. Ukikivuta, mtu anashuka polepole hata bila umeme. Kitafuteni kabla hamjampandisha mtu yeyote, hata rafiki yenu.

Sasa nifike kwenye kitabu. Bi Irena alikuwa na mtoto mmoja, Marta, mwalimu wa fasihi Houston, mwanamke wa makamo, mpole, mwenye miwani aliyokuwa akiisahau kichwani. Jumapili moja alikuja na kitabu kipya, akakiweka kwenye mapaja ya mama yake.

"Mama, nimeandika riwaya. Ni kuhusu ile nyumba."

"Wewe hukuwahi kuiona."

"Ndiyo maana nimeiandika. Kila nilipokuuliza ulinijibu maneno matatu."

Bi Irena akapapasa jalada kwa mkono wake mzima. Marta akanigeukia akaniomba nimsomee mama yake, maana yeye akisoma mwenyewe sauti itamtetemeka. Tena akasema kwamba majira ya kupukutika majani atakisoma hadharani kwenye maktaba moja ya Houston, na angependa mama yake awepo. Bi Irena aliendelea kupapasa jalada.

Kusoma kwa sauti nako ni kazi yenye ufundi wake. Kaa upande wa sikio lililo zima. Mwanga ukupige mdomoni wewe, usimpige yeye machoni. Usisome baada ya chakula cha mchana, atalala, nawe utafikiri unasikilizwa. Ukikosea jina, rudi nyuma ulirekebishe, kwa sababu mzee akishapotea kwenye jina moja hatakuambia, atatikisa kichwa tu kwa adabu mpaka mwisho wa sura. Mimi majina ya kule yalinishinda. Bi Irena alinisahihisha silabi kwa silabi mpaka nikaweza kuyasema bila kumrushia mate.

Mwanzoni ilikuwa raha. Kila ukurasa alikuwa na la kusema. Marta aliandika kwamba sebule ilinukia maua ya msimu wa kuchipua. "Ilinukia chokaa mbichi," akasema Bi Irena. "Paa bapa, mvua ikinyesha lilikuwa linavuja. Wapiga picha wakija, mama alikimbia kuficha mabeseni." Marta aliandika kwamba mpishi alikuwa mwembamba mwenye vidole virefu. Bi Irena akajitazama mkono wake mnene, akaguna, akaniambia niendelee. Niliona anafurahi. Alianza kuniuliza asubuhi mapema, kabla hata sijamwosha uso, kama tutasoma leo.

Kisha vita vikaingia kitabuni. Tajiri wa sabuni na mkewe na watoto wanafanikiwa kutoroka kwenda ng'ambo. Bibi mzee, mama yake tajiri, anakataa kuondoka nyumbani kwake. Maafisa wa jeshi la Kijerumani wanaichukua nyumba. Mpishi anabaki kuwapikia. Kurasa hizo za vita Bi Irena alizisikiliza bila kusahihisha kitu. Halafu tukafika sura ambayo askari wanakuja kumchukua bibi mzee. Katika riwaya, mpishi anamficha. Kulikuwa na kabati la vyombo lenye milango miwili, mmoja jikoni na mmoja sebuleni, lililowekwa ili sahani zipite bila watumishi kuonekana. Mpishi anamwingiza bibi humo, anamlisha humo, na maafisa wanakula karamu zao hatua chache tu kutoka pale. Vita vinakwisha, bibi anatoka akiwa hai, anafunguliwa kwenye mwanga wa ule ukuta wa vioo. Ilikuwa imeandikwa vizuri sana.

"Soma tena," akasema Bi Irena.

Nikasoma tena.

"Kifunge."

Nikakifunga. Nikamuuliza kama ana maumivu.

"Mama yangu hakumficha mtu yeyote," akasema. "Kabati lile hata paka asingeenea. Na nyumba ile, Rukia, ilijengwa ili kila kitu kionekane. Ungemficha wapi mtu?"

Nikasema huenda Marta alitaka kumheshimu bibi yake, yule mpishi.

"Amenipa mama mwingine, mzuri kuliko wangu. Mimi namtaka wangu."

Tangu hapo hakutaka kusikia kitabu. Simu za Marta zikiita alikuwa akigeuza uso ukutani. Chakula alikula nusu. Nikimchana nywele, kimya. Kwa kazi yetu kimya cha namna hiyo ni dalili, kiandikeni kwenye taarifa kama mnavyoandika homa.

Marta akawa ananipigia mimi. "Rukia, amesemaje? Amekipenda?" Ingekuwa rahisi kumwambia amekipenda, angekata simu akalala vizuri. Ingekuwa rahisi pia kumwambia yote. Nikamuuliza Mama Esperansi.

"Usiingie katikati ya mama na mutoto," akaniambia. "Utabanwa sawa kidole ku mulango."

"Kwa hiyo ninyamaze?"

"Sikusema unyamaze. Nimesema usiingie. Fungua mulango, uende pembeni."

Marta alipopiga tena nikamwambia, "Mwanangu, mimi sina ruhusa ya kubeba maneno ya mama yako. Anayo, na ni mengi. Njoo uyachukue mwenyewe."

Akauliza, "Amekasirika?"

"Njoo."

Jumamosi akafika, ameendesha kutoka Houston bila kusimama, shati limekunjamana mgongoni. Niliweka chai mezani nikataka kwenda jikoni. Bi Irena akasema, "Kaa, Rukia. Wewe ndiye uliyesoma uongo huo, usikilize na ukweli." Nikamtazama Marta, naye akaitikia kwa kichwa. Nikakaa mbali kidogo.

Nitawapa maneno ya Bi Irena kadiri ninavyoyakumbuka.

"Maafisa walipochukua nyumba, bibi mzee alihamishiwa chini, chumba cha kando ya tanuri la joto, jirani na chumba chetu. Mama alimpelekea supu. Supu ile ile aliyowapikia maafisa, na hakuna aliyemkataza, basi hapo hakukuwa na ushujaa. Asubuhi moja walikuja askari wawili kumchukua. Kulikuwa na baridi. Bibi akavaa koti lake la kahawia, na koti halikuwa na kifungo cha juu, limeachia shingoni. Askari mmoja akasema, harakisha. Mama akamwambia subiri, koti halifungi. Akachukua mkasi, akakata kifungo cha koti langu la shule, cha buluu, akakishona palepale, bibi amesimama, askari wanangoja. Akamfunga mpaka shingoni. Wakaondoka naye. Mama akaenda kupika chakula cha mchana cha maafisa. Ni hayo tu. Hakufanya jingine."

Marta alikuwa ameshika kikombe hanywi.

"Na mimi," akasema Bi Irena, "nililia. Mchana kutwa. Unajua nililia nini? Kifungo changu. Nilikuwa mtoto, nikalilia kifungo, na mama hakunipiga wala hakunibembeleza. Unaona sasa kwa nini nilikuwa nakujibu maneno matatu?"

"Mama, ulikuwa mdogo."

"Najua nilikuwa mdogo. Ngoja nimalize. Vita vilipokwisha, mjukuu wa yule bibi alirudi. Msichana mkubwa, amevaa viatu vya ng'ambo. Aligonga mlango wa nyumba yao wenyewe. Mama akamfungulia akamwambia papo hapo, kabla hajamkaribisha: mimi niliwapikia, na bibi yako walipomchukua sikuzuia. Yule msichana hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja. Alikuwa amevaa nini? Mama akamwambia koti la kahawia, limefungwa mpaka juu, kifungo cha juu ni cha buluu. Akamweleza na nywele zilivyokuwa zimebanwa. Msichana akakaa kwenye ngazi akataka aelezwe tena, na mama akamweleza tena. Duniani pote hakuna mtu mwingine ambaye angeweza kumwambia hayo. Watu wote wa nyumba yake walikuwa ng'ambo siku ile. Aliyeona ni mpishi."

Akageuza kichwa pembeni ili amwone mwanawe.

"Katika kitabu chako hakuna koti, Marta. Ukimwokoa, koti linapotea. Na mama yangu alichofanya ni kulifunga lile koti tu."

Marta aliivua miwani kichwani akaishika mkononi. Hakujitetea. Alisema tu, "Kama ningejua." Mama yake akamjibu, "Ungejuaje? Sikukwambia." Kisha wakakaa, mkono wa mmoja juu ya mkono wa mwenziwe, na mimi nikaona chai imepoa, nikaenda kuipasha. Sikuharakisha kurudi.

Nawasimulia haya kwa sababu mtaambiwa kazi yenu ni mwili. Ni mwili, sikatai. Kidonda cha mgongo hakiponi kwa mazungumzo. Lakini baada ya Jumamosi ile Bi Irena alianza kumaliza sahani yake, na daktari akadhani ni dawa mpya. Sikumkatalia, huenda na dawa ilisaidia. Mwaka uliofuata Marta alimhamishia kwake Pearland, kando ya Houston, nami nikahama nao, mume wangu akanung'unika wiki moja kisha akapenda samaki wa huko. Bi Irena aliishi na bintiye mpaka alipofariki, na katika muda huo sikuwahi tena kumwona akigeukia ukuta. Kulikuwa na ubishi, naam. Marta alikuwa akiandika upya baadhi ya mambo, na mama yake alimkatiza kutoka chumba cha pili kwamba mlango ule ulifungukia ndani, siyo nje.

Ila kabla ya kuhamia Pearland ilikuwa ile siku ya maktaba. Bi Irena alisema mwenyewe kwamba tutakwenda. Nikakodi gari lenye lifti ya kiti cha magurudumu, nikafunga mikanda minne ya kiti, nikaikagua yote, na nyinyi mkague yote, tukashika barabara kuu ya arobaini na tano kuelekea kusini, Houston. Tulisimama njiani kumbadilisha nguo na kunywa kitu. Kwa safari ndefu beba nguo mara mbili ya unavyodhani, na mwambie abiria wako mapema ni wapi mtasimama, asikae na wasiwasi.

Ukumbi ulikuwa umejaa kiasi, wengi wao watu wa makamo na vijana wa chuo. Nilimweka Bi Irena mbele, upande ambao angemwona Marta bila kuchoka shingo. Marta akasoma sura ya nyumba inavyojengwa, watu wakacheka kwenye habari za mgonjwa wa jino, maana mama yake alikuwa amekwisha kumpa kisa hicho, naye akakipenyeza palepale akisoma. Kisha akafika kwenye sura ya kabati. Akakifunga kitabu juu ya kidole, akasema, "Hii sura mtaikuta ndani. Leo nitawaambia kilichotokea." Akaeleza koti la kahawia, mkasi, askari waliosubiri, kifungo cha buluu. Akaeleza na mtoto aliyelia, akiwa amemtazama mama yake kwanza kuomba ruhusa, na Bi Irena akanyanyua vidole kidogo kutoka kwenye mkono wa kiti, kama kusema endelea.

Mwisho watu walipoombwa maswali, mzee mmoja mrefu alisimama nyuma, kofia ya wachunga ng'ombe mkononi. Hakuwa na ubaya. Alimuuliza Marta kwa sauti nzito ya Texas, "Mama, kama yule bibi hakufichwa, kwa nini umeandika kwamba alifichwa? Tuamini nini?"

Marta alikifungua tena kitabu, akakifunga. Nilimwona akitafuta neno kama anavyotafuta miwani yake. Ndipo Bi Irena akanigusa mkono nikigeuze kiti. Nikakigeuza awaelekee watu. Kwa kuwa hakuweza kumwona mzee yule akimtazama moja kwa moja, akageuza uso kuelekea dirishani ili ampate.

"Nyumba ni ya kweli," akasema. "Mama yangu ni wa kweli, na yule bibi ni wa kweli. Kufichwa ndiko alikokutunga mwanangu, kwa sababu alitamani iwe hivyo."

Akapumua. Mkono wake ulikuwa bado juu ya wangu.

"Mimi nilikuwepo, nimetamani hivyo hivyo tangu siku ile."